Mashine ya Kufagia na Bei Yake

Shangazi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupiga deki mbele ya kaunta, vigae bado vibichi, binti wa mauzo alipomjia na mfuko wa unga na uso wa kuomba radhi.

"Shangazi, nisamehe. Nimwage tena?"

"Mwaga tu, mwanangu. Tumeshazoea."

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale dukani. Wauzaji walimpa jina hilo kwa sababu aliwajali kama watoto wa kaka yake, na huyu binti ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Tangu duka lilete mashine ya kufagia, duara jeusi la ukubwa wa sinia linalotambaa lenyewe sakafuni, kazi ya Shangazi ilikuwa kusafisha ili pachafuliwe, watu waone mashine ikisafisha. Na watu walikuja kweli. Walitazama, wakapiga picha, wakauliza bei, wakaangua kicheko.

"Bei hiyo? Basi na watoto iwaogeshe!"

"Nipeni mimi hizo pesa, nifagie mtaa mzima!"

Siku nyingine Shangazi angecheka nao, maana bei ile ilikuwa mshahara wake wa mwaka mzima. Leo hakuweza. Asubuhi binti alikuwa amemnong'oneza kwamba Meneja amechoka: mashine isiponunuliwa leo, itabaki kufagia duka, na Shangazi atarudi nyumbani kwake.

Kwa hiyo aliiombea mashine mnunuzi kutwa nzima. Jioni akaingia mzee mmoja na mkewe, wameshikana mikono. Mzee alikuwa ametoka kulipwa kiinua mgongo.

"Nataka apumzike," alimwambia binti. "Miaka yote hii yeye ni kuinama tu."

"Hizo si za paa, baba watoto?" mkewe alinung'unika. "Tutaendelea kutega ndoo mpaka lini?" Lakini alikuwa ameinamia mashine, anaitazama inavyozunguka, na anatabasamu.

Mzee alishatoa bahasha. Binti akamkonyeza Shangazi kwa furaha. Hapo ndipo yule mama alipogeuka.

"Dada, wewe ndiye mwenye ufagio hapa. Niambie ukweli, hiki kinafagia?"

Meneja alikuwa amesimama hatua chache tu, anasikiliza. Neno moja lingetosha. Shangazi aliyatazama magoti ya yule mama, yamefungwa bandeji yote mawili, na roho ikamuuma.

"Katikati kinafagia vizuri," alisema. "Kwenye pembe hakifiki, dada yangu. Huko utainama mwenyewe."

Mama akamgeukia mumewe. "Umesikia? Nunua mabati. Na pembe utafagia wewe."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akairudisha bahasha mfukoni, wakatoka kama walivyoingia.

Meneja hakupandisha sauti. Alingoja wateja waishe, kisha akamwambia Shangazi kwamba kesho asije. Mashine itaanza kazi, na chake atakichukua mwisho wa mwezi.

"Ungesema tu inafagia!" Binti alikuwa analia waziwazi. "Ungepungukiwa nini?"

"Na mvua ikinyesha, wakaanza kutega ndoo zao, mimi ningepata usingizi?" Shangazi alimfuta machozi kwa upindo wa aproni. Alimpenda yule mtoto, na ilimuuma kumwacha kuliko ilivyomuuma kuiacha kazi. Alivua aproni, akaikunja, akachukua mkoba wake.

Alikuwa mlangoni Meneja alipoiinua mashine na kuipindua. Brashi ilikuwa imezongwa na nywele, na unga umegandamana humo ukawa donge. Alijaribu kuuchokonoa kwa kidole, akachafua mkono wa shati.

"We mama, ngoja kwanza! Hii huwa inasafishwaje?"

Shangazi alimtazama, akatazama na mashine.

"Kwa bei ile, Meneja," alisema taratibu, "si ijisafishe yenyewe?"