Tepu kwenye Mguu wa Meza

Maji yaliingia saa nane mchana bila kubisha hodi. Yalipita chini ya mlango wa duka la ushonaji, yakazunguka miguu ya meza kama mteja anayechagua kitambaa. Fundi alizima umeme, akalitundika gauni la harusi kwenye boriti, kisha akaifunga tepu yake ya kupimia kwenye mguu wa meza ya cherehani ya overloki. Mota ilikuwa chini ya meza hiyo, sentimita thelathini kutoka sakafuni, imekazwa kwa nati zilizoshikwa na kutu. Ikilowa, gauni halimaliziki, na bibi harusi alikuwa analifuata kesho asubuhi.

Wifi yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, alikuwa amesimama juu ya kiti.

“Wifi, wenzako wanakimbia, wewe unayapima maji kama unayashonea suruali?”

“Yamefika kumi na tisa. Shuka.”

Mvua ikakatika. Redio akashusha pumzi. Dakika tano baadaye tepu ilisoma ishirini na mbili.

“Mvua imekwisha, maji bado yanapanda,” alisema Fundi. “Yanatoka mtaa wa juu, hapa hayana pa kupitia. Kalavati limeziba.”

“Watu na machupa yao. Mtaa huu una wachafu, wifi, simtaji mtu.”

Fundi alichukua fimbo ya kutundulia nguo, yenye ndoano ya chuma, akavuka barabara maji yakimfika magotini. Aliingiza ndoano mdomoni mwa kalavati, akavuta. Hapakutoka chupa. Vilitoka vipande vya kitambaa vilivyosokotana vikawa vinene kama kamba ya kuvutia gari: bluu ya sare za shule, njano ya kwaya, lesi nyeupe ya juzi.

Redio, aliyemfuata na fagio, aliinama akaigeuza ile lesi.

“Miaka sita nafagilia mabaki yetu mtaroni,” alisema. “Wewe ndiye uliyeniambia.”

“Ni mimi. Shika upande huo.”

Walivuta. Kalavati likakoroma, maji yakaenda zake. Dukani, tepu ilikuwa imelowa hadi ishirini na saba.

Walikausha sakafu. Fundi akaweka gunia tupu kando ya mlango.

“Mabaki humu.”

“Na majirani wakiuliza?”

“Waambie ni sisi. Kwa sauti yako, hata mtaa wa juu watasikia.”

Akawasha umeme, akakanyaga pedeli. Mota ikanguruma, naye akalishusha gauni.