Kiraka Chini ya Bawa la Kushoto

Haya alinisimulia mdogo wangu, fundi cherehani, juzi tukichambua mchele. Aliyasema macho chini, yeye mcheshi vile.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, alinunua kindege cha zamani cha watu wawili: ndani mbao, juu kitambaa. Akamwita bandani akishonee ngozi mpya ya kitambaa. Jumamosi kingeruka, na wa kwanza kupandishwa na shemeji angekuwa mume wake.

"Kimepita mikono ya watu wa maana," shemeji alijigamba. "Daktari alikipaka buluu, mkandarasi njano, mpiga picha nyeupe, wote ndani ya miaka miwili. Wala hakijaua mtu."

"Mbona hakuna aliyemaliza nacho mwaka?" mdogo wangu akauliza.

"Shemeji, wewe shona. Mdomo hautungi uzi kwenye sindano."

Mdogo wangu akaanza kufumua ngozi kuukuu ili apate kipimo. Chini ya bawa la kushoto mkono ukasita. Palikuwa na kiraka cha ukubwa wa kiganja, kimefumuliwa na kushonwa tena mara tatu. Mabaki ya nyuzi za kwanza yalipakwa buluu, ya pili njano, ya tatu nyeupe. Mikono mitatu, yote ya watu wasiojua kushona. Kila mwenye nacho alifungua papo hapo, akachungulia, akafunga, akauza.

Akachungulia naye. Boriti ya bawa ilikuwa na ufa uliojazwa gundi. Akamwita mumewe, aliyekuwa nje ya banda. Mume alibonyeza kwa dole gumba, mbao ikazama kama mkate uliolowa.

"Kaka, njoo uone."

Kaka akachungulia.

"Funga, shemeji."

"Nifunge nini? Mimi sishoni sanda."

Basi kaka akachukua sindano mwenyewe, akashona mishono mirefu kama anafunga gunia. Kisha akafungua kopo la rangi. Nyekundu.

"Hakuna haja ya ngozi mpya tena," akasema.

Usiku, kitandani, mdogo wangu akauliza, "Jumamosi hupandi?"

"Sipandi. Na kaka hapandi. Kuna mwalimu anakuja kukinunua."

"Mtamwambia?"

"Nimwaibishe kaka yangu?"

"Na huyo mwalimu je, hana mke?"

"Wewe wako si amesalimika? Unataka nini tena?"

Mume akageukia ukutani, akaanza kukoroma. Mdogo wangu akajilaza, akijua kwamba usiku huo hatafumba macho. Kinachomchoma mpaka leo ni kwamba usingizi ulimchukua upesi.