Mwanamke Hapandi Mti

Mdogo wangu Telesfori alinijia asubuhi amekunja uso, hata shikamoo ilimtoka kwa shida. Alitaka nikamtie akili binti yake, maana kwetu Chonyonyo shangazi ndiye anayezungumza na msichana mambo mazito. Kokushubira alikuwa amemsikia sajini mmoja mwanamke akisema mkutanoni kwamba jeshi linataka wasichana wengi zaidi, na tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine. Mwaka ulikuwa 1986, na usaili ungefanyika Kayanga baada ya wiki mbili.

"Wewe mwenyewe ulipigana Uganda," nilimwambia. "Unadhani mtoto kayatoa wapi?"

"Dada, nenda tu ukamwambie."

Nilikwenda na maneno yangu tayari, tena makali, lakini nilimkuta mtoto analia migombani. Baba yake hakumliza. Kilichomliza ni kwamba kwenye usaili kuna kupanda kamba, naye hajawahi kupanda kitu chochote maishani. Kwetu mwanamke hapandi mti. Parachichi likiwa juu tunamsubiri mwanamume, hata awe mvivu namna gani. Mimi nimewasubiri wanaume chini ya miti miaka hamsini, na siku hiyo nilichoka.

"Futa machozi," nikasema. "Kalete kamba ya ng'ombe."

Siku tisa tulijificha shambani kwangu. Nilivaa suruali ya marehemu mume wangu, nikaegemeza ngazi kwenye mparachichi, nikapanda kufunga kamba. Nilitetemeka kama mwizi, halafu nikapenda. Kokushubira alifika katikati ya kamba kila siku, akateleza, viganja vikachubuka, na kila siku alirudi. Nilimpenda hadi nikaona aibu kwamba nilitumwa kumzuia.

Siku ya kumi ngazi ilianguka nikiwa juu. Ndipo Telesfori akatokea. Alinikuta nimevaa suruali, nimekumbatia tawi, binti yake ananing'inia katikati ya kamba. Nilisubiri matusi. Yeye akakaa chini kwenye majani.

"Dada, sikatai kwa sababu ni msichana," alisema. "Unamkumbuka Gosbert, jirani yetu niliyekwenda naye vitani? Alifia mikononi mwangu. Na mimi mtoto ninaye huyu tu."

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia. Nilitamani kushuka nimshike, lakini ningeshukaje?

Kokushubira naye aliyasikia yote, na hakuachia kamba. Baba yake akainuka.

"Bana kamba kwa nyayo," akasema. "Ukitegemea mikono peke yake utaanguka. Nyanyua magoti. Haya, bana tena."

Mtoto alipanda hadi akanifikia tawini, nikambusu kichwani. Baada ya hapo ndipo bwana yule alipokumbuka kunirudishia ngazi. Lakini kwamba amekubali, hakusema.

Kayanga tulikwenda wote watatu. Kokushubira alikimbia, akabeba mzigo, akapanda kamba hadi mwisho. Afisa akasoma majina ya waliofaulu, lake likiwemo. Kisha akasema mzazi asiyeridhika amchukue mtoto wake sasa hivi. Telesfori akanyoosha mkono. Kwa dakika ile nilimchukia ndugu yangu.

"Huyu ndiye mtoto wangu pekee," alisema. "Sikuja kumchukua. Naomba mnionyeshe mtu wa kumkabidhi."

Yule sajini mwanamke wa mkutanoni akasogea, akampa shikamoo. Telesfori akaushika mkono wa binti yake, akauweka katika mkono wa sajini, jinsi tunavyomkabidhi bibi harusi kwa watu wake wapya. Lori lilikuwa linanguruma tayari, wenzake Kokushubira wamekwisha kupanda, na baba yake bado ameushikilia ule mkono, machozi yanamtiririka mbele ya watu. Sajini alisubiri. Hakuna aliyemharakisha.

Aliyeachia kwanza ni Kokushubira.