Waridi Lililokataa Kukauka

Binti yangu Leonia alipokuwa anaondoka Bonga kwenda utawani, alipanda mwaridi karibu na mlango. "Mama, nitakuja kuliona ua lake," akasema. Walioanza utawa hawakuruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya miaka mitatu. Nikangoja.

Mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame, likachanua ua moja tu, jekundu. Niliunywesha mti maji ya kuoshea vyombo. Sabuni haikuwepo madukani, kwa hiyo hayakuudhuru. Lakini Leonia alikuwa amebakiza miezi miwili, na ua halingoji mtu.

Nikaenda kwa jirani yangu, mzee Wolfgang, anichoree ua hilo. Padri mmoja alimfundisha kuchora maua ya bustani kwa rangi za mafuta, ukiyaona unataka kuyanusa.

"Rangi zimeganda, Mama Leonia," alisema. "Mafuta ya kuzilainisha hayaletwi tena."

"Na ya alizeti, ya kupikia?"

Akakuna kichwa. "Mafuta ni mafuta. Yalete."

Siku ya mgao nilipanga foleni tangu alfajiri. Mafuta yakaisha kwa Philomena, aliyekuwa mbele yangu. Aliniona nikifuta machozi, akauliza nilitaka kupika nini. Nikamwambia.

"Jamani! Wanangu wanakula mchicha wa kuchemsha, ua la Mama Leonia linataka wa kukaanga!" Foleni nzima ikacheka. Kisha akanimiminia kifuniko kimoja. "Umsalimie Leonia." Wanawake wengine watatu wakamimina pia.

Wolfgang alichora siku nne, juu ya mfuko wa kitambaa uliokuja na unga wa njano wa msaada. Alichora hata jani lililotobolewa na mdudu. Ua likapukutika, picha ikabaki.

Ila haikukauka. Wiki, mwezi, bado mbichi. Wolfgang aliona aibu. "Nimekosea, mama. Haya ni ya jikoni kweli."

Leonia alikuja kwa siku moja, na kilemba cheupe. Mlangoni mwaridi ulikuwa umebaki kijiti. Nikamwonyesha picha.

"Mama, ndilo lenyewe!" Kabla sijasema neno, kidole chake kikagusa petali ya chini, kikaacha alama. Akashtuka. Wolfgang, aliyekuja kumsalimia, akachukua brashi arekebishe.

"Acha hivyo," nikamwambia.

Basi la mchana likamchukua.

Picha ilikauka baadaye, sijui lini. Nikifagia chumba huweka kidole changu pale kwenye alama. Changu ni kinene, hakienei.