Doa Lililokataa Kukauka

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, sakafu chini ya gurudumu la mbele la kushoto ilikuwa imelowa. Fosuaa aliliona doa hilo alipoinama kuokota spana.

Kila mtu uani alijua lilikotoka. Muda mfupi kabla, Nana Badu, mwenye gari na mkuu wa ukoo wake, alikuwa amesimama hapo hapo katika nguo yake nyeusi ya msiba, bega moja wazi, akimimina pombe kali kutoka kwenye chupa ya kijani. Aliwaita wahenga wake kwa majina wamfikishe salama Ejura, akamzike dada yake. Pombe ililowesha tairi, rimu na saruji.

Lakini upepo mkavu wa Januari ulikuwa ukivuma tangu alfajiri. Tairi lilikuwa limeshakauka. Rimu pia. Sakafu ilikuwa bado.

Fosuaa angeweza kunyamaza. Jana yeye ndiye aliyelibadilishia gari hilo mafuta ya injini, na likalala katika karakana yake. Karakana yenyewe ilikuwa na wiki chache tu, na mafundi wa Suame, mtaa mzima wa karakana, walikuwa wakingoja kuona mwanamke aliyetoka chuoni angedumu hadi lini. Ikisemwa kwamba gari la mkuu wa ukoo limevuja baada ya kupita mikononi mwake, hakuna ambaye angejisumbua kuuliza limevuja nini.

Alichovya kidole. Rangi ilikuwa njano hafifu. Alisugua kidole kwa gumba; kiliteleza, na kikaendelea kuteleza.

"Nana, gari halitoki."

Dankyi, dereva wa mzee, aliangua kicheko. "Dada fundi, hiyo ni pombe! Hata mimi naisikia puani. Au chuoni hamkufundishwa kunywa?"

"Tulifundishwa kunusa. Fungua boneti."

Kwenye kikopo chake, mafuta ya breki yalikuwa chini kidogo ya mstari. Hilo peke yake halikuthibitisha kitu, kwa sababu pedi zikilika mafuta hushuka vilevile. Fosuaa akalisema hivyo hivyo.

Dankyi akapiga makofi. "Umesikia, Nana? Hata mwenyewe hajui! Twende zetu, watu wameketi wanatungoja."

Nana Badu alikuja taratibu, akiishika nguo yake isiguse grisi. "Binti yangu, mimi nimewapa baba zangu kinywaji. Wewe unaniambia nimewanywesha mafuta ya breki?"

"Baba zako walipewa pombe, Nana, na wameshaimaliza. Hiki kilichobaki hakikutoka kwenye chupa yako."

"Thibitisha."

"Nipe kifuniko kimoja cha pombe hiyo."

"Hiyo ni ya msiba!" Dankyi akadakia.

"Kimoja tu. Mimina mwenyewe, Nana, pembeni ya doa."

Mzee akamimina. Madoa mawili yakakaa sakafuni ubavu kwa ubavu. Fosuaa akawaomba wasogee wasikinge upepo. Doa jipya likaanza kuliwa kingo, likawa la ukubwa wa kisahani, kisha la sarafu, kisha saruji ikarudi kijivu. Doa la zamani liling'aa vilevile. Dankyi alitazama sakafu, akatazama chupa.

"Na jana gari lilikuwa kwako," mzee alisema.

"Lilikuwa kwangu. Uliniletea kwa mafuta ya injini, breki sikuzigusa. Ukitaka kuwaambia Suame nzima kwamba limevujia hapa, waambie. Ila halitashuka mteremko wa Mampong kwenda Ejura likiwa hivi."

Nana Badu akatoa simu, akapiga Ejura. "Mwili usitolewe mpaka nifike... Ndiyo, najua nani amekwisha kufika. Wangoje... Sababu? Fundi wangu amekataa."

Fosuaa alisikia neno "wangu". Akachukua jeki.

Gurudumu lilipotoka, ufa ulionekana kwenye mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta hadi gurudumuni, karibu na kiungio, na tone lilikuwa likining'inia. Alimwonyesha mzee, kisha dereva. Akavuka barabara mwenyewe kununua mpira mpya, akaufunga, akamweka Dankyi kwenye kiti cha dereva ili watoe hewa iliyoingia kwenye breki.

"Kanyaga. Shikilia. Achia taratibu. Nimesema taratibu! Unaua nyoka?"

"Samahani, bosi."

Alilijaribu gari mwenyewe kichochoroni, kwa mwendo mdogo, kisha kwa kasi. Lilisimama alipotaka lisimame, kila mara. Saa tatu na robo akampa Dankyi ufunguo.

Saa saba mchana simu yake iliita.

"Bosi, tumefika," Dankyi alisema. Nyuma yake ngoma zilisikika. "Mteremko wote nimeshuka kama mfalme. Lakini njoo umwone mzee! Amepiga magoti mbele ya waombolezaji wote, na nguo yake ya msiba, anachungulia chini ya gari. Anawaambia pakavu."