Nani Anabisha?

Mwalimu wetu wa fizikia alipopata kazi ng'ambo, tulimsindikiza kwa nyimbo na makofi kama bibi harusi. Wiki iliyofuata ndipo akili zikatukaa sawa: hee, kumbe tumemshangilia mtu anayetukimbia! Kipindi cha fizikia kikageuka kipindi cha kuchora vikaragosi ubaoni. Wengi hatukulia. Mimi nilinenepa.

Aliyelia ni pacha wangu. Shule nzima inamwita Fyuzi, maana tangu utotoni anataka uhandisi wa umeme, na redio ya baba aliyoifumua mpaka leo imekataa kurudi kuwa redio. Bila fizikia hakuna uhandisi, na mtihani wa taifa haumsubiri mtu. Mimi wananiita Spika. Nadhani sina haja ya kueleza.

Basi, asubuhi moja Mkuu wa shule akaingia darasani anang'aa kama sufuria mpya.

"Wanangu, ng'ambo imechukua, ng'ambo inarudisha!"

Kumbe kuna shule huko mbali inatafuta darasa moja la kusoma nalo fizikia kwa intaneti, mwalimu wao atufundishe sote pamoja. Walikuwa wanapima shule mbili: yetu, na ile ya kilimani yenye basi lake. Kila shule somo moja la majaribio, halafu wachague. Fyuzi akanibana mkono mpaka nikaona nyota mchana.

"Sasa nataka adabu," Mkuu akaendelea. "Mgeni akisema, mnaitikia. Asibishe mtu! Na wewe Spika, ukifungua huo mdomo nitaushona kwa uzi wa gunia."

"Wa rangi gani, Mkuu?"

"Kaa chini!"

Siku ikafika. Projekta ilikuwa ya kuazima, skrini ilikuwa shuka la bweni, na kamera tuliiegesha juu ya rundo la kamusi. Mara shuka likapata uhai! Mwanamume aliyevaa sweta zito, pua nyekundu, na nyuma yake wanafunzi wamejipanga kwenye madawati. Sisi huku jasho linatutiririka, yeye kule anapuliza viganja. Hapo hapo tukamwita Mwalimu Sweta.

Tukasimama kwa kishindo kumwamkia, kama tulivyofunzwa tangu chekechea. Kumbe kamera ilikuwa imelenga watu waliokaa. Kwenye kona ya shuka nikaona picha yetu: mikanda na matumbo, kichwa hata kimoja hakuna. Kule wenzetu wakaangua kicheko. Mkuu akatukalisha haraka kwa macho.

Mwalimu Sweta akachora betri na taa mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja. Kiingereza chake kilikuwa na mbio, lakini mchoro hauhitaji mkalimani.

"Nikiitoa taa hii, ile ya pili itaendelea kuwaka," akasema. "Mnakubali?"

"Ndiyooo, mwalimu!" tukaimba.

"Mna uhakika? Nani anabisha?"

Tukakaa wima, mikono juu ya madawati. Mlangoni Mkuu anatikisa kichwa kwa raha: adabu hiyo! Lakini tabasamu la Mwalimu Sweta likaanza kunywea. Akatazama saa yake.

Nikamtazama Fyuzi. Anatafuna kifuniko cha kalamu, goti linacheza. Na mimi nikakumbuka taa za kioo cha kinyozi, mjomba wetu. Moja ilikufa, zote zikazimika, mteja akaenda zake na nusu ya nywele. Fyuzi ndiye aliyezitengeneza, na alinisomea somo hilo mpaka nikaliota. Huyu bwana anatutega!

"Sema," nikamnong'oneza.

"Nimkosoe mwalimu? Mgeni? Mbele ya Mkuu? Una wazimu?"

"Haya. Wa kilimani watakuwa wahandisi, wewe utawauzia vocha."

Akazidi kutafuna kifuniko, hakuinuka. Nikajua kumkosoa mwalimu hataweza, labda afe afufuke. Ila kunikosoa mimi? Hiyo ni kazi aliyoianza tumboni kwa mama.

Nikasimama.

"Mwalimu, nakuunga mkono! Taa ndivyo zilivyo! Hata kwa mjomba kinyozi, moja ikifa, nyingine hazina habari, zinaendelea na maisha yao!"

"Mwongo!" Fyuzi akaruka kama chemchemi. "Si nilikueleza mpaka koo likanikauka? Waya ni mmoja! Taa moja ikitoka, njia imekatika. Umeme utapitia wapi, puani kwako?"

Akanisukuma kando, akaenda mpaka kwenye kamera na daftari, anachora, anaeleza, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili cha nyumbani. "Hapa umekatika. Hapa giza. Ukitaka ya pili iwake, kila taa ipe njia yake!"

Halafu akakumbuka kwamba hakunikosoa mimi peke yangu, amemkosoa na mwalimu. Akashusha daftari.

"Samahani, mwalimu..."

Mwalimu Sweta alikuwa ameruka kutoka kitini. "Hatimaye!" akapiga kelele. "Nimekosea makusudi! Jana wenzenu wa ile shule nyingine walinikubalia kila kitu. Mimi natafuta watu wa kubishana nami!"

Darasa likalipuka. Mikono juu, kila mtu anabisha, hata waliokuwa hawajui wanabisha nini. "Adabu, ad..." Mkuu akaanza, kisha akatupa mikono. "Basi bisheni! Bisheni, wanangu!"

"Jumatatu, saa hii hii," akasema Mwalimu Sweta, akimwonyesha Fyuzi kidole. "Na wewe wa waya, uje na maswali."

Fyuzi akanikumbatia, akanikanyaga, akanikumbatia tena. Tukasimama sote kushukuru, tukakumbuka kamera tukiwa tumeshachelewa. Mikanda na matumbo!

Safari hii hakuna aliyecheka. Kule nako viti vikakwaruza sakafu, na shuka zima la bweni likajaa matumbo yenye masweta.