Leseni ya Marehemu Tuneya

Kadenge alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni pake, kijijini Idsowe, Tuneya alipofika kumletea habari kwamba mkewe, Janet, amekufa maji. Tuneya mwenyewe alikuwa amekufa katika ajali hiyohiyo, naye ndiye aliyekuwa nahodha wa boti. Nguo zilikuwa zikimchuruzika, na pale aliposimama pakafanyika kidimbwi, kuku wakaja kunywa.

Kadenge hakushangaa kumwona. Wavushaji wa sehemu ile ya mto Tana wana desturi yao: kabla boti haijaondoka ukingoni, nahodha humuuliza kila abiria ni wa nyumba ya nani, ili likitokea la kutokea ajue pa kupeleka habari. Habari hiyo haipelekwi na mtu mwingine ila yeye. Siku ile Tuneya aliuliza, akajibiwa, na kufa hakukumwondolea jukumu. Alianza na nyumba za abiria wake. Kwake angefika mwisho.

Kadenge alimsikiliza bila kuacha kupukuchua. Kisha akamwambia kwamba redio imeshatangaza: boti ilizama kwa sababu nahodha hakuwa na leseni.

"Umeniulia mke," alisema. "Kiti sikupi."

Nyumba nyingine nazo zilimpokea hivyohivyo, amesimama. Tuneya alijaribu kuwaeleza habari za vyuma. Kulikuwa na mkandarasi aliyepewa kazi ya kujenga daraja. Alisimamisha vyuma mtoni, akalipwa, akaenda zake. Mafuriko yalipokuja yaliving'oa, yakavisukuma chini ya maji hadi vikakwama kwenye njia ya boti, na hakuna aliyetumwa kuvitafuta wala kuweka hata kijiti cha kuonyesha vilipo. Vyuma hivyo ndivyo vilivyoipasua boti tumbo. Redio haikuvitaja. Mkandarasi ana marafiki, na Tuneya alikuwa na upondo wake wa kusukumia boti tu.

Asmaa, mke wa Tuneya, alikuwa ameshaanza eda alipomwona mumewe anaingia. Alimpa shuka kavu, nayo ikalowa. Tuneya akamwambia kwamba hawezi kulala kaburini wakati habari alizopeleka hazijapokelewa. Atakwenda ofisini Garsen kuchukua hiyo leseni, ili wakose la kusingizia.

Si kwamba hakuwahi kuiomba. Aliiomba akiwa hai, tena si mara moja. Aliambiwa mtahini anatoka Mombasa na barabara imekatika. Aliambiwa mtandao umelala. Aliambiwa njoo kesho, na kesho ya ofisini haina jua wala mwezi, haifiki. Mwenye watoto hawezi kuhamia kwenye benchi la serikali, kwa hivyo alirudi mtoni. Maofisa walewale walipotaka kuvuka kwenda kupigwa picha na watu waliofurikiwa, walipanda boti yake, wakamwambia aende polepole viatu visilowe. Leseni hakuulizwa na yeyote. Uovu wa aina hii hauna jina la heshima, na hapa hautapewa.

Sasa alikuwa na faida moja aliyoikosa zamani. Maiti hali, hachoki, wala hatafuti karo ya mtu. Alikaa kwenye lile benchi mpaka magugu ya mtoni yakaota miguuni pake, na mfagiaji akazoea kufagia kwa kumzunguka. Waombaji walio hai walikuja, wakakaa, njaa ikawainua, wakaondoka. Yeye alibaki. Mwishowe ofisa wa dawati lile, aliyeitwa Ishmael, alichoka kukanyaga maji kila asubuhi, akamwita.

Kwanza alipelekwa kupimwa afya. Daktari alimsikiliza kifuani, akasikia mto unapita, akaandika kwamba mwombaji hana tatizo la kupumua, maana hapumui. Mtahini naye alipofika alimuuliza meli huwasha taa zipi ikikaribia bandari wakati wa ukungu. Garsen haina bandari, lakini Tuneya alikuwa ameshakariri jibu tangu uhai wake. Kuhusu vyuma vilivyozama hakuulizwa kitu. Katika mtihani wa kuogelea alizama mara moja, akatembea chini ya mto, akatokea ng'ambo na kambare mkononi. Mtahini alisema kanuni inamtaka mtu afike ng'ambo, haisemi apite wapi.

Akapewa leseni yenye picha yake. Picha ilikuwa nzuri, ila ilitoa maji kidogo pembeni.

Alirudi nayo kwa Kadenge. Kadenge alijipangusa mikono, akaisoma mbele na nyuma.

"Hii ni ya juzi," alisema. "Siku ile ulipomchukua Janet hukuwa nayo."

Ofisi ilikuwa imemjibu maneno hayohayo alipoomba jina lake lisafishwe. Tuneya hakubisha. Kadenge alimrudishia leseni, akauliza kama vile vyuma vimetolewa. Tuneya akasema vipo palepale.

"Basi hasira yangu niipeleke wapi?" Kadenge aliuliza. Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka mbele ya marehemu, huku analia. Tuneya alimshukuru, lakini hakukaa. Mvua zilikuwa zimeanza tena huko juu, na boti zilikuwa zinavusha watu.

Alishuka mtoni, akasimama juu ya vyuma, maji yakimfika kifuani, mkono mmoja ameuinua. Boti zikamwona, zikawa zinapita kando. Masika yale hakuna aliyezama pale. Asmaa alipomaliza eda alikuja ukingoni, akamwambia, "Baba Khalid, kaburi tumekuchimbia. Toka upumzike." Tuneya akajibu kwamba vyuma vikitoka, naye atatoka.

Asmaa akaenda Garsen kumwomba Ishmael vyuma viondolewe. Ishmael alikuja na mpiga picha, akatazama, akafurahi sana. Alisema kazi ya kuondoa vyuma imefutwa, kwa kuwa sasa mahali pana alama, na alama yenyewe imetahiniwa. Ila akakumbusha kwamba leseni ni ya mwaka mmoja. Tuneya asipokuja kuihuisha, atatolewa mtoni kwa kuwamo kinyume cha sheria.

"Na vyuma?" Asmaa aliuliza.

"Mama, vyuma havihitaji leseni."

Kisha akapanda boti arudi Garsen, akapakata viatu vyake. Nahodha aliyemvusha hakuwa na leseni. Walipompita Tuneya, Ishmael alimpungia mkono.